Dumu la Mize

Tajiri ana ufito wa mpera,
kautia alama tatu kwa kisu,
na kila nikirudi Chake anautumbukiza tangini.
Hanisalimu kwanza. Anausalimu ufito.

Basi nikifika Mkoani, wa kumi na moja kwenye foleni,
meli haijaonekana, na mvua ya kipupwe
inapita kimya kama mdai anayejua umo ndani,
nazima.

Fuso ikizimwa hukohoa mara mbili
halafu inabaki na homa yake.
Injini iko chini ya viti, alhamdulillahi;
aliyeiweka hapo hakutufikiria sisi,
lakini mpaka saa nne makalio yako ni ya sultani.
Saa tano ni ya mtu wa kawaida.
Saa sita bati linakukumbusha kuwa ni bati.

Shaame, utingo wangu, ana miaka kumi na tisa
na fulana moja ya mpira, namba mgongoni.
Kwao Kiuyu, kwenye upepo, lakini maisha yake yote kalala
katikati ya ndugu watano kama dagaa kwenye fungu.
Baridi ya mtu mmoja hajawahi kuijua.
"Washa, yakhe, japo dakika kumi."
Dakika kumi, Shaame, ni ukucha mzima wa ufito.
"Basi nikaazime jiko kwa muuza kahawa. Makaa yake yamekoza."

Hapo nikaketi.

Sikumpigia kelele. Nilimwambia habari ya Mbwana Khatib,
dereva wa Isuzu ya mbao,
aliyelala na jiko pale, karibu na mizani ya zamani,
vioo vyote juu, shuka la maua mpaka kidevuni.
Asubuhi tuligonga, tukadhani kachoka.
Midomo yake ilikuwa imenawiri kama ya bwana harusi.
Makaa yakishakoza hayanuki, mwanangu.
Yanakuchukulia pumzi kwa adabu,
yamevua viatu mlangoni.

Sasa tazama tunavyofanya sisi tunaotaka kurudi.
Boksi la sabuni, lipasue, libane kwenye kioo cha mbele;
kioo ndiye mwizi wa kwanza.
Gunia tupu litandike chini ya godoro, si juu,
baridi ya chuma hutokea chini.
Vua hiyo fulana iliyolowa. Ndiyo, ivue.
Dirisha la upande wangu liache wazi upana wa kidole,
tusije tukanyesheana kwa pumzi zetu.

Na hili dumu, la lita tatu,
maji ya moto nimenunua kwa huyo huyo wa kahawa.
Mize alilishonea koti la kipande cha kanga,
na mkasi ulipita katikati ya jina:
NILIYENAYE ATA—
mwisho wake uko nyumbani, kwenye mto wa mtoto.
Weka miguuni, si kifuani.
Miguu ikikubali, mwili mzima hufuata.

Alikoroma kabla sijajibu salamu ya mlinzi.

Saa nane nikashuka, nikalegeza turubai,
nikatia mkono mpaka kiwiko kwenye gunia la karafuu.
Sisemi kulikuwa na moto. Lakini jua la siku nne la Mtambile,
la majamvi na watoto wanaofukuza kuku,
lilikuwa humo bado, linanuka.
Nikautoa mkono, nikauweka shingoni.
Nikapanda.

Alfajiri mwadhini wa bandarini alikohoa kwanza kwenye spika.
Shaame akanipa dumu bila neno.
Maji yalikuwa vuguvugu, kiasi cha kumsamehe mtu.
Tukatawadha pembeni ya gurudumu,
yeye akinimiminia, mimi nikimmiminia,
yakatutosha wote wawili mpaka visigino,
yakabaki kidogo.

Nikafutia kioo, tuione meli.